Ukurasa Usiofunguka Nyumbani

Bibi alichomoa waya wa ruta, akangoja kidogo, akauchomeka tena. Taa zikapepesa, zikatulia. Akabonyeza ukurasa wa Chiriku.

Duara likazunguka, likazunguka, kisha yakaja maneno yaleyale: Ukurasa huu haupatikani.

"Umeizima tena?" Mzee alitokea mbio kwenye karakana yake ya redio nyuma ya nyumba, kandambili mguu mmoja. "Mama watoto, nilikwambia usiiguse hiyo ruta!"

"Mtoto hafunguki."

"Nenda kwa fundi cherehani. Kwake si unafunguka?"

Kweli, kwa jirani yao fundi cherehani ulifunguka. Sokoni ulifunguka. Ulikataa humu ndani tu, na hilo ndilo lililomnyima Bibi usingizi.

Chiriku, kitindamimba wao, kazi yake ilikuwa kutengeneza tovuti. Alimtoroka mumewe baada ya kuvunjwa mkono mara ya pili, na hakuna aliyejua alikokwenda. Kilichobaki ni ukurasa huo, ambao anwani yake ilimfikia Bibi kwa ujumbe wa namba ngeni. Kila asubuhi uliandikwa mstari mpya. Wa jana ulisema: "Nimeamka salama, mama. Mkono unapona. Ila chai ya huku, sukari ni ya kusikia tu."

Bibi alicheka, halafu akalia. Huko ugenini nani angejua kwamba Chiriku hunywa chai tamu kama sharubati?

Sasa hofu ilikuwa hii: aliyeileta ruta na kuiweka juu ya friji ni mkwe mwenyewe, enzi zile za mapenzi. Je, kama ameshauona ukurasa? Kama ameufunga humu ndani, na sasa anafuata nyayo zake hadi alipo mtoto?

Mzee hakuonekana kujali. Siku hizi alipiga mluzi, akabeba chakula chake kwenda kulia karakanani, na akirudi aliomba aongezewe. Bibi alimsamehe. Wanaume wengine huzuni huwashukia tumboni.

Ndipo akamwita fundi wa intaneti kimyakimya. Alikuja msichana wa miwani, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Akajaribu kivinjari kingine. Akafuta takataka zote za simu. Akachukua simu yake mwenyewe: kwa bando lake ukurasa ukafunguka mara moja, kwa intaneti ya nyumba ukagoma.

"Simu yako haina kosa, bibi. Tatizo liko humu ndani."

Akaunganisha kompyuta yake na ruta, akaanza kupekua. Ghafla akausogeza uso karibu na kioo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi.

"Shikamoo, mama," alisema mkwe.

Mkwe alikuja akasimama nyuma ya fundi, funguo za gari zikilia mkononi mwake.

"Mnahangaikia nini?"

Fundi aliutazama uso wa Bibi. Akafunika kompyuta taratibu, kama mtu aliyemaliza kazi.

"Bibi anataka kujua kama mvua itanyesha. Ruta imezeeka, kaka. Hata mimi ningezeeka nikilazwa juu ya friji."

Mkwe hakucheka. Alimwinamia Bibi hadi manukato yake yakamwingia puani.

"Mama. Yuko wapi?"

"Sijui, baba. Haki ya Mungu sijui. Ningejua, si ningelala?"

Alimkodolea macho muda mrefu. Mzee alizoea kusema kwamba uso wa mkewe ni dirisha lisilo na pazia, kwamba tangu wamejuana hajaweza kuficha hata zawadi. Mkwe alichungulia humo, akaona hofu tupu, na nyuma ya hofu hakuona kitu.

"Kweli hujui," alisema. Akasonya, akatoka. Gari likaunguruma, likaenda, likapotea.

Fundi akamletea maji, akamshikia glasi mpaka akanywa yote.

"Ni yeye aliyeufunga?" Bibi alinong'ona. "Amempata mwanangu?"

"Hakuna aliyeufunga, bibi." Fundi alitazama mlangoni kwanza, kisha akashusha sauti. "Ruta za zamani zina ujinga wao. Ukiiomba kitu kilicho mbali, inakuletea. Ukiiomba kitu kilichomo humuhumu nyumbani, inakwenda kukitafuta nje, inarudi mikono mitupu."

Macho ya Bibi yaliufuata waya uliotoka nyuma ya ruta, ule ambao Mzee alisema ni wa redio. Ulipita juu ya mlango wa jikoni, ukavuka ua, ukaingia karakanani.

Mzee akaingia jikoni na mluzi wake. Akamimina chai kwenye kikombe kikubwa, akageuka aende zake.

"Ngoja," alisema Bibi.

Akamnyang'anya kikombe. Akafungua kopo la sukari, akatia kijiko, akatia kingine, akaendelea kutia hadi mluzi ukakatika.

"Mama watoto, unajua daktari amenikataza sukari."

"Najua," alisema Bibi, akamrudishia kikombe. "Mwambie akoroge vizuri."