Habari za Kweli

Vidonge viligongana ndani ya vikopo, vikasikika tangu ukumbini. Kisha Sikudhani akaingia na mfuko wake wa dawa, mdogo wake Makame akimfuata. Ugonjwa wa huzuni ulikuwa umemkalia Sikudhani miaka, ukawashinda madaktari. Njiani alikuwa amemwambia Makame kwamba baada ya daktari huyu hatatafuta mwingine.

Akaumwaga mfuko mezani.

"Mwanangu, umeniletea duka zima!" akasema daktari mpya, mama wa makamo.

"Duka lililofilisika, daktari. Hakuna kilichonisaidia."

Daktari akacheka, akavisogeza vikopo kando. "Habari za leo?"

"Nzuri."

"Hizo za salamu nimezipokea. Sasa nipe za kweli."

Sikudhani akautazama mlango. Akabaki kitini.

"Mbaya. Hata kuoga kunanishinda."

"Siwezi kukuahidi kupona upesi, mwanangu. Ila dawa ikishindwa, sitasema umeshindwa wewe."

Machozi yakamtoka Sikudhani taratibu, naye hakuyafuta. Akamgeukia ndugu yake.

"Makame, Alhamisi tunarudi hapa. Usije kunivuta kitandani kama leo. Nitaamka mwenyewe."