Fimbo ya Mwanyumba

"Ipinde," alisema shemeji. "Kidogo tu, isionekane kwa macho."

Fundi alizima mashine ya kukereza. Tangu aanze kutengeneza fimbo za pool alikuwa amesikia maombi ya kila namna. Kuna aliyetaka ichorwe simba, na kuna aliyetaka majina ya watoto wake wote, na watoto walikuwa wengi kuliko fimbo. Lakini fimbo mbovu hakuna aliyewahi kuiagiza.

"Shemeji, u mzima kweli?"

"Mzima kabisa." Aliketi kwenye kigoda, tepu ya kupimia nguo bado ikining'inia shingoni, maana alikuwa mshonaji na ametoka kwenye cherehani mbio mbio. "Jumamosi timu ya pool inachagua mchezaji mmoja. Mume wangu akishinda kwa hiyo fimbo aliyokuagiza, wanaondoka naye, mji baada ya mji, hadi mwisho wa mwaka. Amestaafu juzi tu, ndiyo kwanza nimpate nyumbani. Namtaka akae."

Huyo mume alikuwa mwanyumba wake Fundi: wameoa dada na dada. Alikuwa mkaguzi wa maghala, na kustaafu hakukumzuia kuendelea na kazi. Sasa alikagua masufuria. Alikagua mishono ya mkewe, na wateja wa mkewe walipokuja kupimwa, aliwakagua nao. Mwanamke gani hatamani mume anayejali hivyo?

"Halafu tafadhali," shemeji aliendelea, "usipoteze mpingo wako kwa yule. Mti wowote tu. Na ile pembe, hata usiiguse. Hafai."

Ile pembe ilikuwa bangili ya bibi yake Fundi, pembe ya ndovu ya zamani, iliyorithiwa kabla ya sheria kuzaliwa. Pembe mpya ni jela, na Fundi alipenda kulala kwake. Matajiri walikuwa wameibembeleza bangili hiyo miaka nenda, miaka rudi, naye akawaonyesha mlango.

Sasa, Fundi alikuwa mwanamume asiyeambiwa na mwanamke. Alilitangaza hilo mwenyewe, bila kuulizwa. Mwezi ule mkewe alimwambia aliache paa livuje, si neno. Siku ile ile akawa juu ya paa na nyundo. Alimsihi asiupake mlango rangi; mlango ukang'aa hadi majirani wakaja kuutazama. Kichwa cha nyumba ni kichwa, alisema, akishuka ngazi na rangi masikioni.

"Nimekusikia, shemeji," alimjibu.

Alikuwa amemsikia vizuri sana. Mlango ulipofungwa tu, alivuta kipande chake bora cha mpingo kutoka chini ya meza. Wanawake wakiachiwa, aliwaza, waume watageuka mito ya makochi.

Alikereza shina la mti mweupe wa ng'ambo, akaliunga na mpingo, akapiga msasa mpaka vidole vikafa ganzi. Kisha akaiviringisha fimbo juu ya kioo, kama alivyozoea kufanya, akatega sikio. Fimbo iliyopinda hugonga. Hii ilipita kimya.

Ikabaki bangili. Hapo msumeno ulisita. Bibi alimvisha ile bangili kwa mkono wake, na iliuma kuikata, iliuma sana. Lakini shemeji alikuwa amekataza. Akaikata, akatia pete moja karibu na ncha na nyingine kwenye maungio, akafuta macho na kulisingizia vumbi.

Jumamosi Mkaguzi alishinda bila jasho. "Mwanyumba," alisema akimkumbatia Fundi, "hii si fimbo, ni mkono wa tatu." Wiki iliyofuata akaondoka na timu, baada ya kulikagua basi.

Ushindi haukumkaa Fundi vizuri. Kumkaidi shemeji, sawa, lakini kumliza? Alimwona akilini akikaa peke yake mezani, na moyo ukamsuta. Asubuhi moja alimwambia mkewe kwamba angependa kwenda kumfariji.

"Usiende," mkewe alimjibu. "Tena usimpelekee chochote, hata matunda. Mwache alie, atanyamaza."

Basi Fundi akanunua matunda, mfuko mzima, akaenda.

Mlangoni kwa shemeji alisikia cherehani ikikimbia, redio ikiimba, na wateja wakicheka ndani. Akainua mkono abishe hodi.

"Nyumba inapumua, mdogo wangu," shemeji alikuwa akisema. "Na pembe ameitia kweli."

"Si nilikwambia, dada?" ilijibu sauti ya mkewe Fundi. "Ukitaka yule akunyooshee fimbo, mwombe aipinde. Sasa bandika chai, na uandae sahani ya matunda. Leo nimemkataza kuja."