Mapaja ya Bibi

Siku ya arobaini, desturi ilimtaka bibi mzaa baba awe wa kwanza kumpakata mtoto. Bi Mwanaheri, aliyerejea juzi kutoka hospitali alikotibiwa saratani kwa mionzi, aliketi mkekani na kunyoosha miguu.

Mkwewe, Tunu, alisimama mlangoni, mtoto kifuani.

"Mama, mionzi hiyo haitamrukia?"

"Daktari alisema haibaki mwilini, mwanangu. Mashine ikizimwa, imekwisha."

"Nimeelewa, mama." Hakusogea.

"Hata chemli ikizimwa, kioo chake hubaki cha moto," alisema shangazi wa mtoto.

Wageni walicheka. Tunu akampa shangazi huyo mtoto ampakate.

Dua ilisomwa. Bi Mwanaheri aliinua viganja, akaitikia amina. Wenzake walipojipangusa nyuso, viganja vyake vilibaki wazi.