Boneti ya Moris

Nyundo ilisikika kabla Hemedi hajaiona nyumba: ko, ko, ko, chuma juu ya bati.

Akakaza mwendo. Huu ulikuwa mwaka wa tatu anatafuta gari la Moris ambalo mfuko wake wa fundi bodi za magari ungelimudu. Kampuni iliyoyatengeneza ilikufa kabla Hemedi hajazaliwa, lakini babu yake, dereva wa zamani wa Moris, sasa kipofu kijijini Janga, alitaka kulishika tena kabla hajazikwa.

Uani, Mzee Badru, mwenye gari, alikuwa ameikata boneti. Majiko mawili ya mkaa yalikuwa tayari, yangali na rangi ya kijani ya gari.

"Vijana wa Kibaha hamwamkii?"

"Shikamoo. Juzi kwenye simu ulisema gari ni zima."

"Marahaba. Si ulisema ni la kushikwa na kipofu? Nikaona boneti ya nini."

Hemedi akamnyang'anya nyundo. Akachungulia ndani ya gari. Usukani ulikuwa umelika pande mbili, pale viganja vinapokaa.

Akayavuta majiko miguuni pake ayakunjue yawe boneti tena, akampigia babu yake.

"Babu, nimeipata, nzima. Jumamosi utaifungua boneti yake kwa mkono wako mwenyewe."