Nukta Chini ya Kikombe

Tangu bangili za ndoa ziwe lazima, hakuna mke anayeingia peke yake chumba chetu cha dharura. Mumewe anasikia kila neno kupitia bangili ya mkewe, hata akiwa kazini.

"Ameanguka bafuni," mume wa Tunu alinijibu kupitia bangili, kabla Tunu hajafungua mdomo. Mkono mmoja ulikuwa umevunjika, na shingoni alikuwa na alama nne za vidole. Bafu halina vidole.

Sikubisha. Miguu ilikuwa inaniwaka moto tangu asubuhi. Nikampa kikombe. "Dada, nenda msalani, tunahitaji mkojo."

Mkono umevunjika, mkojo wa nini? Waume hawajawahi kuuliza. Nyuma ya mlango wa choo sisi wauguzi tumebandika karatasi: Kama nyumbani si salama, weka nukta chini ya kikombe. Kalamu inaning'inia pembeni. Bangili inasikia, haioni.

Tunu alirudi bila kunitazama. Nukta ilikuwepo.

"Daktari anataka ulazwe," nikasema kwa sauti.

"Mpaka lini?" bangili ikauliza.

"Mpaka mkojo uwe safi, shemeji."

Zamu ilipoisha niliingia choo kilekile. Nilichukua kikombe, nikaweka nukta, nikakaa nacho mkononi. Leo nzima, aliyekagua vikombe ni mimi peke yangu.

"Mbona kimya?" bangili yangu ikaita.

"Nanawa, Baba Siwema," nikajibu, nikafungua bomba ili asikie maji.