Kovu la Mke wa Seremala

Ndani ya hospitali hamkuwa na jua wala mvua, lakini seremala alikuwa ameshusha kofia hadi kwenye nyusi.

"Tungekwenda ile ya upande wa pili wa mji," alinung'unika.

"Ya nini?" mkewe alimjibu. "Hapa ndipo waliponipasua. Wananijua."

Binti yao alikuwa wa pekee, tayari anakwenda shule. Alizaliwa kwa kisu, mama akipoteza damu nusura aage dunia, na baba amekaa nje ya mlango amekumbatia viatu vya mkewe, akiapa kwamba balaa hilo halitamrudia. Tangu hapo, mimba haikuingia tena. Na mama mkwe hakuwa mtu wa kumeza neno.

"Mwanamke akishapasuliwa, tumbo linaingia woga," alisema mbele za watu. "Mwenzake kasukuma mwenyewe, sasa ana wanne. Huyu mtoto wake wa pili ni cherehani!"

Cherehani nalo lilimlipa fadhila. Kwa kuwa alikuwa na mtoto mmoja tu wa kulea, alirudi kiwandani mapema, akashona, akakata, hadi akawa msimamizi wa sare za shule. Mafundi walimwita Bosi Mkasi, naye jina alilipenda.

Kazi hiyo ndiyo aliyokuwa anaiacha mwisho wa mwezi. Mama mkwe alishikilia kwamba kuinamia meza kutwa ndiko kunakozuia mimba, na mke wa seremala akachoka kubisha. Siku aliyokubali, seremala alikuwepo. Alikwangua gundi kwenye kucha. Aliona aibu hata kuinua macho.

Sasa mkewe alimshika mkono pale kwenye benchi.

"Nisamehe, baba," alisema. "Ulioa mke, ukabaki na kovu. Watu wanakucheka kwa ajili yangu."

"Usiseme hivyo."

"Nisemeje? Ndiyo kweli."

Seremala alitamani ardhi ipasuke immeze. Akaivuta kofia chini zaidi.

Daktari aliwaita. Alimpima mama, akaitazama picha ya tumbo, akatabasamu.

"Kovu limepona vizuri kabisa. Na kazi yako haina kosa. Mama, huna tatizo lolote."

Mke alilia hadi kitambaa kikalowa. Daktari alimpa muda, kisha akamgeukia mume.

"Zamu yako, baba. Nenda chumba cha vipimo, muuguzi atakupokea."

Mke akamfuata nyuma, bado anafuta machozi. Kwenye njia panda ya korido alisimama kutafuta kibao, lakini mumewe alikuwa amekwishakata kushoto.

Muuguzi, mama wa makamo, alifungua mlango, akamkazia seremala macho, mkewe akiwa nyuma yake, kisha akacheka kwa furaha ya kuonana na mtu anayemfahamu.

"Ni wewe, baba! Umekuja kupimwa nini tena? Si tulikufunga uzazi humu humu, mwaka ule mkeo alipopasuliwa, ukasema ni yeye aliyekutuma?"