Fukusi Ashtaki Mahindi Magumu

Shauri la Ugumu wa Punje za Mahindi Ghalani, katika nakala tatu, lilifunguliwa na Fukusi, mdudu mla nafaka, mlafi mwenye wana tisa wenye njaa. Mshtakiwa alikuwa Buku, panya mkulima asiye na maneno mengi.

“Mheshimiwa, huyu bwana anatulisha mawe! Zamani punje zake zilikuwa laini kama maandazi.”

“Zile laini ziko wapi?” akauliza hakimu Konokono.

“Tumezila zote, kila msimu, tangu enzi za babu. Tungemwachia nani?”

Konokono akamgeukia Buku. “Nawe mbegu unatoa wapi?”

“Napanda hizo wanazoshindwa kula, Mheshimiwa. Hawabakishi nyingine.”

Fukusi akajikuna, kisha akaomba shauri liahirishwe apate kutafuta shahidi. Likaahirishwa hadi masika. Fukusi na wanawe walikufa njaa juu ya gunia lililojaa mahindi.